Matone Laki Nne kwa Siku

Mwalimu aliacha kufundisha hesabu baada ya miaka kumi na mmoja, akaenda kufanya kazi kwenye kampuni ya mchezo wa simu. Waliomfahamu walidhani amepatwa na kitu. Yeye alisema amechoka kusahihisha madaftari mia mbili kila wiki, na kwamba huko aendako atalipwa kwa kutunga maswali tu. Jina la Mwalimu lilimfuata. Karibu kila mtu alimwita hivyo, mtaani na kazini.

Ofisi ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la kukata vioo. Tangu asubuhi ulisikia kisu cha fundi kikipita juu ya kioo, kisha mlio mdogo wa kipande kikiachana na mwenzake. Wafanyakazi walikuwa saba. Mwenye kampuni walimpachika jina la Kasi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akimaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Mtu wa programu naye walimwita Kimya, na jina hilo halikuhitaji maelezo.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa nyuki. Unanunua mzinga, unatia kundi la nyuki, unalitunza lisiugue wala kuhama. Kila mzinga ulitoa matone kumi kwa siku. Tone lilikuwa sarafu ya kripto: lilikaa kwenye pochi ya simu, na aliyekuwa nalo aliweza kuliuza kwenye soko la mtandaoni akapata fedha za kawaida, za kununulia unga na kulipia umeme. Kwa watu wengi, hapo ndipo ulipoacha kuwa mchezo.

Kazi ya Mwalimu ilikuwa kutunga maswali madogo kuhusu nyuki, yale yanayomtokea mchezaji anapopanda ngazi. Lakini mwalimu wa hesabu ukimweka karibu na jedwali la namba, atalisoma tu. Mwishoni mwa mwaka wa pili wa kazi aliomba aonyeshwe idadi ya matone yanayotoka na yanayotumika. Kimya alimfungulia bila kuuliza sababu.

Siku iliyotangulia yalikuwa yametoka matone milioni moja na laki nne. Yaliyotumika ndani ya mchezo yalikuwa laki mbili. Alirudi nyuma siku tisini, moja baada ya nyingine, akakuta hadithi ni ile ile, ila pengo lilikuwa linapanuka. Akachora mstari kwenye karatasi, akauendeleza kwa nukta mpaka ulipogusa chini. Kisha akaenda chumba cha Kasi.

"Una dakika kumi?" aliuliza.

"Nina tano."

"Tone linanunua nini?"

"Mzinga," Kasi alisema. "Unajua hilo."

"Na mzinga unatoa nini?"

"Matone."

"Basi. Hakuna mahali tone linapokwisha. Jana yamebaki milioni moja na laki mbili, yameenda sokoni. Nani aliyanunua?"

Kasi alitazama karatasi. "Wachezaji wapya. Hawaingii bila kununua matone."

"Mwezi uliopita wapya wamepungua nusu. Wa zamani tunawalipa kwa mfuko wa wanaoingia. Wakiacha kuingia, hakuna wa kununua. Nimepiga hesabu mara tatu. Zimebaki wiki kumi na moja."

Kasi alikaa kitako, jambo lililowashangaza waliokuwa wakipita mlangoni. Alijua kwamba michezo ya aina hiyo huanguka, ila alikuwa amejiambia kwamba wa kwake una nyuki wazuri. Alimuuliza Mwalimu angefanya nini. Mwalimu alisema hajui bado, apewe mwezi mmoja.

Mwezi huo alikaa na Kimya. Waliandika sheria, wakazijaribu kwenye nakala ya mchezo isiyo na watu, wakazifuta, wakaandika nyingine. Zilizobaki zilikuwa chache. Kwa siku yangetoka matone laki nne, si zaidi, wawe wachezaji elfu kumi au laki moja. Nusu ingegawanywa kwa mizinga yote. Nusu ya pili wangelipwa wanaofanya kazi ambayo wachezaji wenzao wanaihitaji: kutibu makundi yaliyougua, kuzalisha malkia, kumfundisha mgeni hadi amalize siku thelathini bila kukata tamaa. Kila mzinga ungechakaa baada ya siku arobaini, na matone ya kuutengeneza yangefutwa kabisa, yasirudi kwa mtu yeyote. Na aliyekubali kuweka matone yake ghalani siku tisini bila kuyauza angepata kura katika kubadilisha sheria.

"Watatutukana," Kasi alisema alipoona.

"Watatutukana," Mwalimu alikubali.

Tangazo likapangwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Ijumaa wote saba walitia saini karatasi: hakuna kununua tone, hakuna kuuza, hakuna kumwambia mtu. Sababu ilieleweka. Anayejua mapema anauza mapema, na hasara inamwangukia asiyejua. Wakiwa wanafunga kompyuta, Kimya alimsogelea Mwalimu.

"Una ndugu anayecheza?"

"Ninaye."

"Usiende kwake wikendi hii."

Ulikuwa ushauri mzuri. Lakini Mwalimu alikuwa akienda kwa mama mdogo kila Jumamosi kwa miaka sita, na kutokwenda kungekuwa habari yenyewe.

Mama mdogo alikuwa nesi mstaafu mwenye miaka sitini na miwili. Ndiye aliyemlea Mwalimu tangu akiwa darasa la nne, mama yake alipofariki, na zamu za ziada za hospitali ndizo zilizomlipia ada ya chuo cha ualimu. Magoti yalikuwa yamechoka, lakini vidole na kichwa vilifanya kazi. Mchezo wa nyuki aliuanza kwa ajili ya kumuunga mkono mwanawe kazini. Kufikia mwaka wa pili alikuwa na mizinga sitini kwenye simu nne.

Simu hizo zilisimama kwenye kichanja cha sahani, karibu na dirisha la jikoni. Kila moja ilikuwa na kipande cha plasta mgongoni, kimeandikwa kwa kalamu: Wodi ya Kwanza, Wodi ya Pili, hadi ya Nne. Mama mdogo alizipitia saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa mbili usiku, akiandika hali ya kila kundi katika daftari, kwa mwandiko ule ule aliokuwa akiandikia joto la wagonjwa. Matone mia sita kwa siku. Pensheni yake ilikuwa imeachwa mbali.

Jumamosi hiyo alimpakulia Mwalimu chakula, akamwacha ale, kisha akavuta kiti.

"Nikuulize kitu kimoja tu, halafu nisikusumbue," alisema. "Nina fedha za kubadilisha bati la chumba cha nyuma. Fundi ameniambia anaweza kusubiri mwezi. Nataka ninunue mizinga ishirini kwanza, inizalishie, halafu nipige bati la nyumba nzima. Ninunue, nisinunue?"

Mwalimu alimaliza tonge lililokuwa mdomoni. Katika miaka miwili mama mdogo alikuwa amemuuliza swali la namna hiyo mara tano, na mara zote tano alijibu kwa maneno yale yale, kwa sababu hakupenda kuchanganya kazi na ndugu. Mara zote tano mama mdogo alinunua, na mara zote tano alifaidika. Mwalimu alielewa kwamba akijibu kama kawaida, atasikika anasema nunua. Akijibu tofauti, hata kwa kuinamisha macho tu, atakuwa amesema uza, na Jumapili mama mdogo atakuwa amewauzia mizinga sitini watu sitini wasio na mpwa ofisini.

"Swali hilo siwezi kukujibu, mama mdogo."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

Mama mdogo alicheka. "Haya. Nyie walimu mnapenda mtu afikiri mwenyewe."

Mwalimu aliinua sahani akaenda kuiosha. Aliiosha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akiwa amempa mgongo, mpaka alipokuwa na hakika na uso wake. Nyuma yake alisikia simu ikilia mlio wa kununua. Ulikuwa mlio mdogo wa nyuki, yeye mwenyewe ndiye aliyeuchagua kwenye kikao cha mwaka uliotangulia. Aliuhesabu mara ishirini.

Jumatatu saa nne tangazo likatoka. Saa sita bei ya tone ilikuwa imeshuka kwa asilimia arobaini. Saa saba mama mdogo akapiga simu. Mwalimu alitoka nje, akasimama kwenye ngazi.

"Jumamosi ulikuwa unajua?" mama mdogo aliuliza. Hakupaza sauti.

"Nilikuwa najua."

"Ulinisikia nikinunua."

"Nilikusikia."

"Na ukaendelea kuosha vyombo."

Mwalimu alikuwa na maelezo, tena ya kweli, lakini aliona si wakati wake. Mama mdogo alingoja kidogo, kisha akasema, "Sawa, Mwalimu," akakata. Hakuwa amewahi kumwita hivyo isipokuwa kwa utani.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa mbaya kwa kila mtu. Kwenye ukumbi wa wachezaji mtandaoni, waliokuwa wakiisifu kampuni waliiita genge la wezi. Mtu alibandika picha ya mlango wa ofisi. Fundi wa vioo chini aliulizwa na wateja kama wale wa juu wameshakimbia. Theluthi moja ya wachezaji waliondoka, wengi wao wale wenye mizinga mia mbili ambao hawakuwahi kujua jina la kundi hata moja. Waliuza kila kitu na kwenda kwenye mchezo mwingine, uliokuwa ukitoa zawadi kubwa kwa wanaowahi.

Walioumia hawakuwa wao peke yao. Jirani wa mama mdogo, mama mmoja mshonaji, alikuwa amenunua mizinga kumi kwa kumfuata mwenzake. Aliuza kwa robo ya bei aliyonunulia, akafuta mchezo kwenye simu, akarudi kwenye cherehani yake. Hakurudi tena, na fedha zake hazikurudi pia.

Wiki ya nne Kasi aliitisha kikao. Alikuwa amekonda.

"Turudishe matone kumi," alisema. "Kwa muda tu. Watu watulie, halafu tushushe polepole."

"Tukirudisha watafurahi wiki mbili," Mwalimu alisema. "Baada ya hapo tutashusha tena, na hakuna atakayetuamini, wala wapya wala wa zamani. Bei imeacha kuanguka tangu Alhamisi. Subiri."

"Na usipokuwa sahihi?"

"Nitakuwa nimekuulia kampuni. Lakini ilikuwa inakufa."

Kasi aligeuka kumtazama Kimya, kwa mazoea tu, si kwamba alitarajia jibu.

"Mashine imekubaliana naye," Kimya alisema. "Jana yametoka laki nne, yametumika laki tatu na elfu tisini. Ni mara ya kwanza."

Kikao kikaisha. Mwalimu alirudi kwenye meza yake, akafungua jedwali la jana, akaangalia mwenyewe namba aliyoitaja Kimya. Ilikuwa hivyo. Hakusikia furaha aliyoitarajia. Simu yake ilikuwa mezani, na tangu Jumatatu ile haikuwa imeonyesha jina la mama mdogo. Kila Jumamosi alikuwa amepiga, ikaita mpaka ikakatika.

Mama mdogo alikuwa na mambo yake. Wiki ya kwanza alitaka kuuza mizinga yote themanini, akakuta bei ni ya kumdhihaki, akaacha. Bati la chumba cha nyuma lilibaki vile vile. Aliweka ndoo mbili na kuhamisha kitanda. Aliuza simu mbili kulipia umeme, akahamishia makundi yote kwenye mbili zilizobaki. Wodi ya Kwanza na ya Pili. Matone yaliyokuwa mia sita kwa siku yalikuwa sasa mia moja na kumi na tano, na kila moja lilikuwa na thamani ndogo kuliko zamani.

Asingerudi kuucheza mchezo kwa moyo kama si ugonjwa. Asubuhi moja, akipitia orodha, aliona ombi la mchezaji mgeni: kundi lake linakufa na hajui kwa nini. Mama mdogo alilifungua kwa hasira, kama mtu anayefungua dirisha kuona nani anapiga kelele. Akaangalia nyuki wanavyotembea. Akaangalia rangi ya mabuu. Ndani ya dakika tano alikuwa amemtenga malkia, amepunguza chakula, na kumwandikia mgeni: usiguse chochote hadi kesho saa mbili. Kesho yake kundi likawa zima. Matone kumi na mawili yakaingia kwenye pochi yake.

Wachezaji wengi walikuwa wakikosea kwa haraka. Walimwaga dawa tatu kwa pamoja, kundi likafa kwa dawa. Mama mdogo alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na minne mahali ambapo kusubiri na kutazama ni nusu ya tiba. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa akitibu makundi kumi kwa siku, na wageni walikuwa wakimtafuta kwa jina.

Mwalimu aliliona jina hilo kwenye ripoti ya mwezi: Sista Wodi, makundi mia tatu na kumi na mawili, nafasi ya kwanza. Alilitazama kwa muda. Hakuhitaji kufungua taarifa za mchezaji kujua ni nani, na hakufungua. Jumamosi alikwenda bila kupiga simu.

Mama mdogo alimfungulia mlango, akaitikia salamu, akarudi kwenye kiti chake karibu na kichanja. Alikuwa katikati ya kumtibu mgonjwa. Mwalimu alikaa, akangoja.

"Uliona jina langu," mama mdogo alisema baada ya kumaliza, bila kugeuka.

"Niliona."

"Usidhani nimesahau."

"Sidhani."

"Ungenionyesha hata kwa kukohoa tu. Mimi ni mtu mzima, ningeelewa."

"Ungeelewa, ungeuza," Mwalimu alisema. "Angenunua nani? Mtu kama yule mshonaji. Tena mshonaji mwingine, ambaye simjui."

"Yule wa hapa unamjua, na ameumia vile vile."

"Ndiyo."

Mama mdogo aligeuza kiti. Alimtazama mpwa wake kwa namna aliyokuwa akiwatazama wanaosema hawana maumivu. "Ulilala usiku ule?"

"Sikulala."

"Vizuri," mama mdogo alisema, na hakusema kwa ubaya. Akainuka taratibu kwa ajili ya magoti, akaweka maji jikoni.

Walikunywa chai. Mama mdogo alisema kwamba anapata kama theluthi ya alichokuwa akipata zamani, lakini kwamba kwa miezi miwili sasa ni kile kile kila wiki, anaweza kukipangia. Fundi amepiga bati nusu ya chumba. Alisema pia kwamba zamani alikuwa akiogopa kuangalia bei asubuhi, na kwamba siku hizi anasahau kuiangalia kwa sababu ya wagonjwa. Kisha akaacha mambo ya bei, akaanza kulalamika.

"Mnatoa sekunde arobaini za kumtenga malkia. Sekunde arobaini kwa vidole vya nani? Nimepoteza makundi matatu wiki hii, dawa naijua, mkono ndio haufiki. Iambie ofisi yenu iongeze."

"Siwezi, mama mdogo."

Mama mdogo aliweka kikombe chini.

"Sheria haibadilishwi na mimi tena," Mwalimu alisema haraka. "Wanabadilisha wenye matone ghalani. Mimi siruhusiwi kura. Andika pendekezo, lipigie debe kwa wageni wako, mtu mmoja mmoja."

"Kumbe ukitaka unaweza kujibu kwa maneno mengi," mama mdogo alisema, akavuta daftari.

Aliandika pendekezo siku hiyo hiyo, kwa sentensi nne. Alitaka sekunde sabini, akataja wagonjwa aliowapoteza na saa waliyokufa. Kura zilikaa wazi siku saba. Mwalimu hakumwuliza zinaendaje, na alipoona wenzake ofisini wakilijadili pendekezo la Sista Wodi alikwenda dirishani. Siku ya nane, asubuhi, kabla hajafungua kompyuta, simu yake ikaita.

"Asilimia sitini na moja," mama mdogo alisema. "Mwambie huyo Kimya wenu aanze kazi."

Mwalimu alimgeukia Kimya, akamwambia. Kimya aliitikia kwa kichwa, akafuta arobaini, akaandika sabini.